Kufurahi katika Bwana mambo yakiwa magumu: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya huulizwa nje ya kanisa baada ya ibada, msibani, kwenye jumuiya, na mengine huja kwa ujumbe wa simu saa nane za usiku. Tumeyaacha kwa maneno ya waulizaji kadiri ilivyowezekana. Majibu yameandikwa Dodoma, kwa hiyo humu utakutana na uwele, Mirembe (hospitali yetu ya afya ya akili) na vumbi. Ukiwa Mpwapwa, Manyoni au Kondoa, badilisha majina ya mahali tu. Shida ni zilezile.

Mtu anawezaje kufurahi wakati mambo yake yanaharibika? Si unafiki huo?

Ni unafiki kama anajifanya hayaharibiki. Imani ya Kikristo haikuombi hilo.

Andiko linalotajwa sana ni la Wafilipi 4:4: "Furahini katika Bwana sikuzote, tena nasema, Furahini." Paulo aliliandika akiwa kifungoni, na barua yenyewe ina sura nne tu, lakini furaha inatajwa humo zaidi ya mara kumi. Wahubiri wengi huishia hapo. Isome barua yote. Katika sura ya pili anaeleza jinsi Epafrodito alivyougua karibu na kufa, na kwamba Mungu alimhurumia asije yeye Paulo akapata huzuni juu ya huzuni. Katika sura ya tatu anaandika huku akilia. Katika sura ya nne anawashukuru Wafilipi kwa msaada waliomtumia kwa mkono wa huyohuyo Epafrodito. Kifungo, hofu ya kufiwa, machozi, msaada wa ndugu na furaha vyote vimo ndani ya barua moja, na hakuna kilichofichwa ili kingine kionekane.

Alichokishika Paulo hakikutegemea siku imeendaje: Kristo amefufuka, Mungu hajamwacha, na ndugu zake wanamkumbuka. Ukivuka korongo la hapa kwetu mwezi wa tisa utaona mchanga mtupu, lakini wenyeji huchimba papo hapo na kuteka maji. Furaha hii nayo ni ya namna hiyo. Ipo chini, na inataka kuchimbwa, na siku nyingine mtu hana hata nguvu ya kushika jembe. Siku hiyo wachimbe wengine.

Nimefiwa na mume. Watu wananiambia nisilie, eti ninamkosea Mungu. Ni kweli?

Si kweli, mama. Lia.

Yesu alipofika Bethania alijua kwamba baada ya muda mfupi angemtoa Lazaro kaburini. Bado Yohana 11:35 inasema alilia machozi. Kama aliyekuwa na uwezo wa kumfufua marehemu alilia, sijui sisi tunaoondoka makaburini na majembe begani tunajikaza kwa sababu gani.

Paulo naye hakuwaambia Wathesalonike wasihuzunike. Aliwaambia wasihuzunike kama watu wasio na matumaini. Huzuni ya mwenye tumaini ni huzuni kamili, ina usingizi unaokatika na chakula kisichopita kooni, ila haimwambii mtu kwamba kaburi ndilo lililoshinda.

Jambo ambalo watu husahau: siku za msiba wenyewe mara nyingi si ngumu kuliko zote. Kuna turubai, kuna kwaya, kuna kina mama jikoni na masufuria makubwa, kuna mtu ameshika daftari la rambirambi. Ugumu huja turubai likishafunguliwa. Mwezi wa pili au wa tatu hivi, jioni, unapakua ugali na mkono unakwenda kwenye sahani ambayo haina mwenyewe. Ukifika hapo usidhani imani imekupungukia. Mwite mtu mje mle pamoja.

Mvua imekata, mahindi yamekauka. Hapo nifurahie nini?

Hili linaulizwa karibu kila mwaka, na anayeuliza ana haki ya kukasirika kidogo akijibiwa kwa haraka.

Hali yetu tunaijua. Mkoa huu una msimu mmoja wa mvua. Huanza mwishoni mwa Novemba au Desemba na kuisha Aprili, na mvua ya mwaka mzima kwa wastani ni kama milimita 550 hadi 600. Katikati, mara nyingi Februari, inakata. Ikikata wakati mahindi yanatoa mbelewele, mwaka umeshaharibika, hata kama itarudi Machi kwa fujo na kubomoa madaraja.

Katika Biblia kuna mtu aliyesimama kwenye shamba la aina hiyo. Nabii Habakuki, sura ya 3 mstari wa 17 na 18, anataja mtini usiochanua, mizabibu isiyo na matunda, mzeituni uliomchosha mtu bure, mashamba yasiyotoa chakula, zizi lisilo na kundi, banda lisilo na ng'ombe. Ndipo anasema: "Walakini nitamfurahia BWANA." Mtini na mzeituni hatuna, lakini mkulima wa zabibu wa Hombolo au Mpunguzi, au mfugaji wa Bahi, anaweza kuisoma orodha ile kama daftari lake mwenyewe.

Angalia mpangilio wake. Habakuki anahesabu hasara kwanza, moja moja, kwa majina. Hasemi "mambo si mabaya sana." Hasemi mvua itanyesha Jumanne. "Walakini" yake inakuja orodha ikiwa imekamilika. Sisi mara nyingi tunaikimbilia "walakini" kabla mtu hajasema hata kwamba ng'ombe wake wawili wamekufa, na ndiyo maana faraja yetu haishiki. Kwenye jumuiya yenu jaribuni hivi: kila mmoja ataje alichopoteza mwaka huu, bila mtu kumkatiza wala kumwekea andiko. Wakimaliza wote, someni Habakuki 3. Mtaisikia tofauti.

Tena sura ile inaishia na maelekezo kwa mwongoza waimbaji, kwamba iimbwe kwa vinanda vya nyuzi. Orodha ile ya hasara ilitungwa ili iimbwe. Mgogo mwenye zeze lake haelezwi mara mbili jambo hilo.

Kumfurahia Bwana hakukuzuii kupanda uwele. Wazee walijua mtama na uwele vinavumilia kuliko mahindi. Ni sisi tuliopenda sembe nyeupe. Sikiliza utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa, ongea na afisa ugani, usipande mbegu yote siku moja. Na kanisa lisijifiche nyuma ya maombi ya mvua. Sadaka ya mavuno inapoletwa, magunia ya mtama na alizeti yakajaa mbele ya madhabahu, halmashauri ya kanisa inaweza kuamua siku hiyohiyo sehemu gani inabaki ghalani hadi Januari, Februari na Machi, miezi ambayo vihenge vya wajane vinakuwa vitupu na shamba bado bichi. Mnada wa sadaka usimalize kila kitu.

Na ukisikia hasira juu ya njaa, usiione kuwa dhambi papo hapo. Wazee wa Ugogo walisimulia njaa ya Mtunya, ile ya miaka ya Vita vya Kwanza vya Dunia na baada yake. Mvua zilikosekana, ndiyo, lakini kabla ya hapo majeshi ya Wajerumani na ya Waingereza yalikuwa yamechukua ng'ombe, nafaka na vijana wa kubeba mizigo. Mbingu haikufanya peke yake. Manabii wa Biblia waliwakemea wanaowanyang'anya maskini chakula, na wewe unaruhusiwa kumuuliza mwenyekiti wa kijiji mahindi ya msaada yamegawiwaje.

Kama nimepatwa na haya yote, kuna dhambi iliyojificha kwangu au kwenye ukoo?

Swali hili Yesu alilijibu. Katika Luka 13 anataja watu kumi na wanane walioangukiwa na mnara huko Siloamu, anauliza kama wao walikuwa wakosaji kuliko wengine waliokaa Yerusalemu, kisha anajibu mwenyewe: sivyo.

Watu wa Dodoma wana Siloamu yao. Tarehe 24 Juni 2002 treni ya abiria iliyokuwa ikipanda mlima kati ya Igandu na Msagali ilishindwa kusimama, ikarudi nyuma kwa kasi na kugongana na treni ya mizigo. Walikufa watu zaidi ya 280. Ndani yake walikuwamo walevi na wanakwaya, watoto wachanga na wafanyabiashara wa karanga, kama treni yoyote. Mtu akikuambia anajua dhambi iliyosababisha ajali ile, anakudanganya, na akikuambia anajua dhambi iliyosababisha saratani ya mama yako anakudanganya vilevile.

Kama kuna kosa unalolijua, litubu, kwa sababu ni kosa. Usiende kulitafuta ili upate maelezo ya msiba.

Mtumishi mmoja ameniambia nipande mbegu ya laki tatu ili furaha yangu irudi. Nitoe?

Usitoe. Soma 2 Wafalme 5: Elisha alikataa kabisa malipo ya Naamani, na Gehazi aliyemkimbilia Naamani njiani kuomba fedha na mavazi alirudi na ukoma. Laki tatu peleka ada, au kalipie bima ya afya.

Sipati usingizi, sina hamu ya kitu, nimeanza kuwaza kufa. Nikienda Mirembe, nitakuwa nimekosa imani?

Kama mawazo ya kufa yapo sasa hivi, acha kusoma, mwambie mtu aliye karibu nawe, na mwende hospitali leo. Mengine utayasoma baadaye.

Sasa kwa swali lenyewe. Nabii Eliya, siku chache tu baada ya kushusha moto Karmeli, alikaa chini ya mretemu jangwani akaomba afe. "Inatosha," alisema. Mungu hakumkemea. Hakumtumia mhubiri. Alimwacha alale. Malaika akamgusa, akamwambia ainuke ale. Palikuwa na mkate uliookwa juu ya makaa na gudulia la maji. Akala, akalala tena. Akaamshwa tena, akala tena. Mazungumzo kuhusu kazi yake na hofu yake yalikuja mbele sana, huko Horebu, baada ya usingizi, chakula na safari. Ukipenda kuiona, hiyo ni tiba, imo kwenye 1 Wafalme 19.

Hapa Dodoma tuna tatizo la ziada: jina la hospitali yenyewe tumeligeuza utani. Mtu akisema jambo la ajabu kijiweni anaambiwa "wewe umetoka Mirembe." Utani huo umewafanya watu wakae na ugonjwa ndani miaka mingi, wakipelekwa kwenye mikesha na kwa waganga kwa zamu, ilhali hospitali ya taifa ya afya ya akili iko hapahapa mjini na watu wa Kigoma na Mtwara wanasafiri siku nzima kuifuata. Mchungaji anayekuombea na daktari anayekupa dawa hawagombanii mgonjwa. Mchungaji akikuambia uache dawa, endelea na dawa na utafute mchungaji mwingine.

Na ukiwa katika hali hiyo, usijilazimishe kuhisi furaha. Sonona, ugonjwa huo wa huzuni nzito, kazi yake ni kuziba mlango huohuo. Kuna zaburi za kukufaa. Ya 13 inaanza kwa kumuuliza Bwana atamsahau mtu huyu hata lini. Ya 88 inaishia gizani kabisa, haina hata mstari mmoja wa faraja mwishoni, na wazee wa Israeli waliiacha hivyo ndani ya kitabu cha sifa. Soma hizo. Za kupiga vigelegele waachie wengine wakuimbie kwa sasa.

Nimekopa kausha damu tatu, ile mikopo ya riba kubwa. Wamebeba kochi na televisheni. Naombaje?

Omba, halafu chukua kalamu.

Mjane wa 2 Wafalme 4 alikuwa kwenye hali mbaya kuliko ya kochi: mdai alikuja kuchukua wanawe wawili wawe watumwa. Elisha alimuuliza una nini nyumbani. Alikuwa na chupa ya mafuta tu. Akaambiwa akaazime vyombo kwa majirani, visiwe vichache. Tazama jinsi muujiza ule ulivyohitaji majirani wajue habari zake. Mtu haazimi vyombo mtaa mzima kwa siri. Mafuta yalipojaa, Elisha alimwambia auze, alipe deni, yeye na wanawe waishi kwa kilichobaki. Deni lilitangulia.

Kwa hiyo, la kwanza ni kusema. Mwambie mwenzi wako kiasi chote, na ule mkopo wa tatu usioandikwa popote. Aibu ndiyo inayowafanya watu wakope wa nne ili walipe wa pili. La pili, andika nani anadai, kiasi gani, riba gani, tarehe gani, umeweka nini rehani. Tazama kama mkopeshaji ana leseni. Biashara hii iko chini ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 na Benki Kuu ndiyo msimamizi wake. Kama umesaini karatasi tupu, au kadi yako ya benki na namba ya siri wanazo wao, usiende kwao peke yako. Nenda na mtu anayejua sheria, au anzia ofisi ya serikali ya mtaa. La tatu, usikope tena, hata elfu hamsini.

Kwa kina mama wa umoja kanisani, WAWATA (umoja wa wanawake Wakatoliki), vikundi vya kusaidiana: mwenzenu akikacha kikoba ghafla na akaanza kukosa ibada, msianze kumsema. Mara nyingi ni deni. Wawili mwende nyumbani, si kamati nzima. Na baada ya hapo msaidieni ajue kwamba halmashauri zina mikopo isiyo na riba kwa vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Ina mlolongo mrefu wa fomu, kweli, lakini haibebi kochi la mtu.

Furaha hapa huja kwa kiasi kidogo na kwa namna isiyo ya kiroho machoni pa watu. Deni la kwanza likiisha utalala usingizi. Mshukuru Mungu kwa usingizi huo.

Kwa nini Wakristo wanaimba hata msibani?

Kwa sababu maneno ya kawaida huisha mapema. Fika kwenye msiba wa Mvumi au Kongwa usiku, utaona. Maongezi ya wanaume kuzunguka moto yanaisha saa tano, kila mtu anaangalia makaa. Mama mmoja, mara nyingi si mwenye sauti nzuri, anaanzisha wimbo kutoka alipokaa kwenye mkeka. Wa pili anaitikia. Baada ya beti mbili watu wamepanga sauti bila mwalimu, ya nne ikitoka huko kwenye moto kwa wale wanaume waliokuwa kimya. Mfiwa labda haimbi. Amelalia mapaja ya dada yake, anaimbiwa.

Paulo na Sila waliimba gerezani Filipi usiku wa manane, miguu ikiwa kwenye mkatale na migongo ina majeraha ya fimbo. Matendo 16 inaongeza jambo tunaloliruka: wafungwa wengine walikuwa wakiwasikiliza. Kabla tetemeko halijaja, wimbo ulikuwa umeshawafikia watu wa chumba cha pili.

Ugogo ni nchi ya waimbaji tangu kabla ya wamisionari kufika Mpwapwa miaka ya 1870. Kuna zeze, kuna marimba ya mkononi, kuna muheme, ngoma za kusimama ambazo hupigwa na wanawake wakiwa wamezibana mapajani. Kwa muda mrefu vitu hivi viliachwa nje ya mlango wa kanisa na ndani tukaimba nyimbo za Ulaya kwa mwendo wa pole. Siku hizi mapigo ya Kigogo yanasikika ndani ya ibada nyingi, na maoni yetu ni kwamba yalichelewa.

Mume wangu ananipiga. Nimeambiwa nivumilie, furaha yangu iko mbinguni.

Aliyekuambia hivyo amekosea, hata kama ana kola shingoni. Waebrania 12 inasema Yesu aliustahimili msalaba kwa ajili ya furaha iliyowekwa mbele yake, lakini msalaba ule aliuchukua kwa hiari yake kwa ajili ya kuokoa wengine. Wewe hakuna unayemwokoa kwa kuvunjwa mkono. Yesu huyohuyo watu walipotaka kumtupa kwenye ukingo wa mlima Nazareti, alipita katikati yao akaenda zake.

Nenda mahali salama wewe na watoto. Vituo vya polisi vina dawati la jinsia na watoto. Ripoti pale, na hospitali upate matibabu na kumbukumbu ya majeraha. Mtoto akiwa hatarini, namba 116 ni ya bure. Kusamehe kutazungumzwa ukiwa umeshapona, na kusamehe hakukulazimishi kurudi kwenye nyumba ileile.

Biblia inasema tushukuru kwa kila jambo. Nishukuru kwa saratani?

Hapana. Gethsemane Yesu hakukishukuru kikombe, aliomba kiondolewe. Mshukuru Mungu kwa muuguzi aliyepata mshipa mara ya kwanza, kwa jirani aliyebaki na watoto, kwa usiku ambao maumivu yalitulia. Saratani iombee iondoke.

Kuna mtu aliyewahi kuishi hivi kweli, au ni maneno ya mimbari?

Wapo wengi ambao majina yao hayataandikwa popote. Aliyeandikwa, na aliyewahi kutembea kwenye vumbi hili, ni Festo Kivengere. Alikuwa Mganda wa Kigezi, mtoto wa uamsho wa Afrika Mashariki, aliyekuja Dodoma miaka ya 1940 kufundisha shule ya Alliance, ambayo baadaye ikawa Mazengo, na leo majengo yake yamo ndani ya Chuo Kikuu cha Mtakatifu Yohana.

Alirudi kwao akawa askofu. Februari 1977 utawala wa Idi Amin ulimuua Askofu Mkuu Janani Luwum, na Kivengere akawa anatafutwa. Yeye na mkewe walivuka milima usiku kwa miguu hadi Rwanda. Walipona, lakini yeye mwenyewe alisimulia baadaye kwamba alivuka mpaka akiwa na chuki inayomla. Amani na furaha aliyoizoea ilikauka. Ilianza kurudi Ijumaa Kuu ya mwaka ule, akiwa ibadani London, aliposikia maneno ya msalabani: Baba, uwasamehe. Akatambua kwamba Amin naye yumo kwenye ombi lile. Tangu hapo alisema waziwazi, mbele ya watu waliofiwa na Amin, kwamba amemsamehe. Hakuacha kuyasema maovu ya utawala ule, na baada ya Amin kuanguka 1979 alirudi kwao kuwatumikia wakimbizi na yatima.

Tunapenda kisa hiki kwa sababu kina ule mwezi mmoja na kitu wa ukavu katikati. Hata mwalimu wa furaha alipungukiwa nayo.

Nimsaidieje ndugu aliye kwenye shida bila kumwumiza zaidi?

Marafiki wa Ayubu walifanya vizuri siku saba za kwanza, walipokaa chini naye bila kusema neno. Walianza kuharibu walipofungua midomo.

Usimwambie "Mungu ana makusudi." Usimwambie "afadhali wewe, kuna fulani alipoteza wawili." Usimwambie "ukihitaji chochote niambie," kwa sababu hataweza kukuambia. Nenda na ndoo mbili za maji. Peleka unga, mafuta ya alizeti, mkaa, vocha ya simu. Chukua sare za watoto ukazifue. Kama anauguza mtu hospitali ya General au ya Benjamin Mkapa, kamshike zamu ya usiku mmoja ili akalale kwenye kitanda. Kama ni mwanamume, ujue hatalia mbele yako. Kaa naye kwenye benchi, zungumzeni habari za ng'ombe mpaka aseme lililo moyoni au asiseme. Rudi wiki inayofuata.

Nimehamishiwa Dodoma kikazi, familia iko Dar. Sina shida kubwa ila upweke unanimaliza.

Upweke ni shida kubwa. Mji umejaa watu wa aina yako tangu serikali ilipohamia hapa. Usiridhike na ibada ya Jumapili ambayo unaingia na kutoka bila mtu kukujua jina. Tafuta jumuiya ya mtaani kwako, Nzuguni, Kisasa, Ilazo, popote ulipopanga, hata kama wanasali sebuleni kwa mama mwenye duka na wewe ni mkurugenzi. Jifunze kuitikia wenyeji wakikuambia "Mbukwenyi." Ukikaribishwa mlenda, kula.

Watoto tuwaambie nini?

Ukweli, kwa maneno mafupi. Usimwambie mtoto baba amesafiri. Usimwambie pia Mungu alimhitaji baba mbinguni; atamchukia Mungu huyo. Sema baba amekufa, tumehuzunika, Yesu yuko naye na yuko nasi. Halafu mwache akacheze mpira. Watoto huzuni yao huja na kukatika, na kucheza kwake si kukosa adabu.

Sijaingia kanisani miaka mingi. Nikirudi sasa kwa sababu nina shida, si nitakuwa ninamtumia Mungu?

Mwana mpotevu wa Luka 15 alirudi kwa sababu ya njaa. Isome vizuri: hakuanza kwa kumkumbuka baba, alianza kwa kukumbuka kwamba vibarua wa baba yake wanakula wanasaza. Alitunga hotuba kabla hajaondoka, na baba alimkatiza kabla hajaimaliza.

Hakuna atakayekudai maelezo. Ukiona aibu ya ibada kubwa ya saa nne, nenda ile ya kwanza ya asubuhi, watu wake huwa wachache na wana haraka ya kwenda sokoni. Kaa nyuma. Kama wimbo huujui, sikiliza. Kama huna sadaka, kaa tu wenzako wakipita. Mzee wa kanisa akikushika mkono mlangoni akauliza ulikuwa wapi siku zote hizi, mwambie ulikuwa na shida, na bado unazo.